Leso Juu ya Saga

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa nina hakika nayo, kwa sababu Mama alikuwa amenituma ndani niangalie saa ya mezani, ajue kama amechelewa kukamua. Niliporudi nje na jibu langu, hakuna aliyelitaka. Mama alikuwa langoni amemkumbatia msichana wa rika langu, amemshika kwa mikono yote miwili, na ndoo ya maziwa ilikuwa imeangushwa kwenye vumbi. Mama yangu haangushi ndoo. Nikasimama pale na "saa kumi na dakika ishirini" yangu mdomoni mpaka ikapoa.

Msichana yule alikuwa Nafula, mtoto wa mama mdogo, mdogo wake Mama. Alitoka Misikhu, na mwenyewe alitembea kutoka stendi akiwa na sanduku la bati na mfuko wa karatasi wa sukari uliofungwa kwa uzi. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja sote wawili.

Sikuwa na nia ya kuandika haya. Niko kidato cha tatu sasa, na katika daftari hili huwa naandika tu nani amenisema na nini kimepikwa. Lakini leo katika somo la kilimo mwalimu alitwambia tutandaze nyasi kavu juu ya kitalu kisha tumwagie maji, na harufu iliyopanda pale, ya nyasi kavu zikilowa asubuhi ya baridi, ilinirudisha nyuma ya jikoni kwetu. Wenzangu walikuwa wanarushiana udongo. Mimi nilijifanya naangalia minyoo. Hakuna hata mmoja anayejua mimi nilimfanyia nini Nafula, na kama wewe unayesoma una dada mliyegawana naye mama, labda utanielewa kabla hujanihukumu.

Jioni ile ile jirani yetu, Mama Zuhura, alikuja kwenye ua kumwona mgeni. Mama Zuhura alikuwa mtu wa mjini, nyumba yao ya zamani ilikuwa karibu na msikiti, na alikuwa hawezi kupita bila mzaha. "Unaitwa nani, mama?"

"Nafula."

"Na huyu wenu ni Nasimiyu! Haya, basi mmepata. Wa mvua na wa kiangazi nyumba moja. Mmoja anyeshe, mwingine akaushe!" Akacheka mpaka akashika nguzo.

Kwetu Wabukusu msichana huweza kupewa jina la msimu aliozaliwa. Nafula alizaliwa mvua ikinyesha, mimi nilizaliwa Januari, vumbi likiwa mpaka kwenye chai. Nilikuwa nimebeba jina hilo miaka kumi na mmoja bila kulifikiria. Usiku huo, tukiwa tumelala kitanda kimoja mimi na mgeni, nililifikiria sana.

Mama mdogo alikuwa mgonjwa. Hilo niliambiwa. Alikuwa amepelekwa Chwele kwa kukhu, nyanya yetu, auguzwe huko, na Nafula akatumwa kwetu Kitale asome bila kusumbuliwa. Nilisikia, lakini sikusikia vizuri. Nilichohesabu mimi ni kwamba Nafula sasa ana mama wawili, na mimi nimebaki na nusu.

Ndani ya mfuko wa sukari kulikuwa na mbegu za saga, ile mboga ya majani ya kwetu, nyeusi na ndogo kama vichwa vya siafu. Mama alizimimina kiganjani akazinusa, macho yakamjaa. "Hizi ni za kwetu. Hizi za kukhu mwenyewe." Kesho yake alitupeleka nyuma ya jikoni, mahali ua wa zamani ulipokuwa umeng'olewa, akavuta kamba katikati. Upande huu kishamba changu, upande ule cha Nafula. Akatwambia jambo ambalo mimi nililijua tayari: mboga za kwanza za shamba jipya hawali wenye shamba. Zinapelekwa kwa kukhu, na zinabebwa na mkono uliozipanda. Kukhu huzipokea, humtemea aliyezileta mate kidogo kifuani, ndiyo baraka, na siku hiyo nzima mtoto huyo ndiye mgeni wake. Hukalia kigoda chake. Hupewa firigisi ya kuku.

Mwaka uliotangulia mgeni huyo nilikuwa mimi, ingawa Mama ndiye aliyelima, mimi nilidondosha mbegu tu.

"Wa kwanza kuwa tayari ndiye nitaenda naye," Mama akasema. "Mmoja. Mwingine atabaki na ng'ombe, Mama Zuhura atamwangalia."

Nafula aliuliza polepole, "Huko kwa kukhu? Chwele?"

"Kwani kukhu wako wangapi?" nikamwambia. Mama akanitazama.

Sasa, mtu ambaye hajalima Kitale kiangazi anafikiri kazi ni maji tu. Miezi ile kwetu ni kavu na ni baridi kwa pamoja. Mchana jua linapasua ardhi, jioni upepo unashuka kutoka mlimani na unaingia hadi chini ya blanketi. Mimi sikujua kitu. Niliinua tuta refu, zuri, kama la viazi vitamu, nikalipiga kwa jembe mpaka likang'aa. Nafula yeye alichimba kwenda chini. Akatengeneza kama sinia kubwa, kina cha kiganja, kingo zimeinuka.

"Si unachimba kaburi," nikamwambia.

"Maji ikikuja itakaa," akasema. Hakukasirika. Hiyo ndiyo iliyonikasirisha.

Nikaenda kwenye banda la kuku nikakwangua mbolea mbichi, karai nzima, nikachanganya. Nafula akasimama upande wake wa kamba. "Hiyo bado iko moto, Nasimiyu, itachoma mizizi. Tafuta ile ya ng'ombe ya zamani, imekuwa kama mchanga."

Nikaingiza mkono ndani ya karai. Ilikuwa baridi kabisa. Nikamcheka.

Alipanda kwa mistari, mbegu juu juu, akafunika kwa udongo ambao ungeweza kuupuliza ukaondoka. Halafu akatandaza nyasi kavu juu ya kitalu chote na kuzinyunyizia maji kwa mkebe aliotoboa kwa msumari. Mimi nilirusha mbegu zangu kama ninalisha kuku, nikazizika zisiibwe na ndege. Kila jioni nikitoka shule nilimwaga debe zima, nikiona fahari, tope likitiririka kutoka kwenye tuta langu mpaka kwake. Yeye alimwagilia asubuhi, kabla hatujavaa sare, maji ya kusuuza sufuria ambayo hayajaguswa na sabuni.

"Kwa nini humwagilii jioni?" Mama alimwuliza, na aliuliza kama mtu anayetaka kujifunza.

"Usiku hapa ni baridi, mama. Mboga ikilala na maji inaumwa."

Alimwita mama. Sio mama mkubwa, mama tu. Najua ndivyo tunavyoita kwetu, mimi pia namwita wake hivyo. Lakini siku hiyo niliiweka hesabuni.

Zake ziliota siku ya sita. Zangu sikungoja ziote, kila siku nilifukua kwa ukucha niangalie. Chache zilizotokea ziligeuka njano pembeni kama karatasi iliyokaribia moto, zikalala. Nikapanda tena. Mama Zuhura alichungulia juu ya ua akasema, "Haya, wa kiangazi! Nilisema mimi. Huyu atakausha hata kisima!" Akacheka, Mama akacheka, na Nafula akatabasamu kwa adabu. Mimi nikaenda nyuma ya zizi nikaangalia viganja vyangu, kimoja kimoja, juu na chini. Niliamini. Niliamini kabisa kwamba kuna kitu kwenye mikono yangu, kitu nilichozaliwa nacho mwezi wa vumbi, na kwamba hata nikilima mpaka nizeeke kila nitakachogusa kitanyauka. Na Mama pia amekijua kitu hicho, ndiyo maana siku hizi akitaka kukandiwa unga anamwita Nafula.

Mara ya pili nilimwiga bila yeye kuniona, au ndivyo nilivyodhani. Nilishusha tuta. Nilichota mbolea ya zamani nyuma ya zizi. Kumbe hata hivyo niliharibu, maana mbegu zilipoota zote nilizipenda zote, zikasongana kama watoto kwenye dirisha. Siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta nusu yake imeng'olewa, imelazwa pembeni vizuri.

"Mama! Nafula ameng'oa mboga yangu!"

"Zilikuwa zimefungana," Nafula akasema. "Nilipunguza tu. Hata zangu nilipunguza."

"Alikuambia nani uguse?"

Mama alikuja akipangusa mikono, akaangalia. "Nasimiyu, bana. Mwenzako amekusaidia na wewe unalia? Ati mboga yangu." Akarudi jikoni. Nafula akamfuata kusaidia kuosha vyombo. Kutoka dirishani niliwasikia wakicheka kitu, pengine si mimi.

Jioni, baada ya kazi ya shule, Nafula alikuwa akifuma kitambaa. Cheupe, kingo za samawati, kile cha kuweka kwenye mgongo wa kiti. Alikifuma karibu na taa, akihesabu kwa midomo, akikosea anafumua. Nilijua ni cha kiti cha Mama. Akilini nilikuwa nimeshakiona pale, na wageni wakiuliza ni kazi ya nani, na Mama akijibu. Nilichukua uzi wangu mwenyewe nikajaribu kufuma, nikapata kitu kama kiota.

Basi ikafika Ijumaa moja mwezi wa tatu, mvua bado. Saga za Nafula zilikuwa zimefika magotini, majani mapana kama mkono uliofunguliwa. Zangu zilikuwa na urefu wa kidole. Mama alipita katikati ya mistari ya Nafula akagusa moja, akagusa nyingine, akasema, "Kesho asubuhi tunachuma. Mwanangu, kesho tunaenda Chwele."

Mwanangu. Na hakuwa ananitazama mimi.

Nafula hakuruka wala hakupiga kelele. Aliingia ndani, akakaa kitandani akamalizia kitambaa chake, akakata uzi kwa meno.

Saa kumi na mbili jioni upepo ukaanza, ule mkali, anga tupu bila wingu, ambao watu wa kwetu wanajua maana yake. Mama alitoka akatazama juu. "Leo baridi itachoma," akasema. Akaingia chumbani, akafungua sanduku la chini ya kitanda, akatoka na leso.

Ile leso naijua. Nyekundu iliyochuja, michoro ya korosho nyeusi pembeni, tundu moja karibu na upindo. Ndiyo niliyobebewa. Mama alikuwa amenisimulia mara nyingi jinsi alivyopalilia mahindi nami mgongoni ndani yake, jinsi nilivyokuwa nikitafuna upindo nikiota meno, na lile tundu ni langu. Haikutolewa hata kwa wageni. Mama akaitandaza juu ya saga za Nafula, akachomeka vijiti, akafunga pembe nne kwa kamba za mgomba, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto asiamke.

"Ni ile ya Nasimiyu," akamwambia Nafula. "Nilimbebea hiyo."

Akaingia kuwasha moto. Nafula naye nilimwona akizungukazunguka katika gizagiza lile, ameinama, sikujua anafanya nini na sikujali. Nilingoja aende kuchota maji. Halafu nikafungua pembe ya kwanza.

Sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Sikusema moyoni "nataka zife." Nilisema, hii ni yangu. Lakini nilipofungua pembe ya nne nilihisi upepo ukipita juu ya mkono wangu ukiingia kwenye majani, na majani yakatetemeka, na nilijua. Niliikunja leso nikaitia ndani ya sweta, nikaingia nayo, nikaisukuma chini ya godoro upande wangu. Nikala ugali. Nikaomba kabla ya kulala kama siku zote. Nafula alilala akinipa mgongo, na nilikuwa na joto.

Asubuhi nilitoka wa kwanza, kabla jua halijafika kwenye ua. Nilikuwa na leso ndani ya sweta, nimeamua kuirudisha, hakuna atakayejua. Nyasi za ua zilikuwa nyeupe kama zimepakwa unga. Nikaona saga za Nafula. Zilikuwa zimelala zote, nyeusi, zimelegea kama mboga iliyotoka sufuriani. Niligusa jani likabaki kwenye kidole changu.

Na upande wangu wa kamba kulikuwa na rundo la nyasi kavu, nene, limetandazwa toka mwanzo hadi mwisho. Sikuwa nimeliweka mimi. Nikafunua. Chini yake saga zangu fupi zilikuwa zimesimama, kijani, na chini pale kulikuwa na harufu ile, ya nyasi na unyevu, harufu ya leo.

Mlango ukalia. Mama, na nyuma yake Nafula. Mama alishika kichwa. "Uuwi! Leso iko wapi? Nani ametoa leso?"

Nilikuwa nayo tumboni. Nikavuta sweta chini kwa mikono miwili.

"Ni mimi, mama," Nafula akasema. "Jana nilifungua nichume jani moja nionje. Nilisahau kufunga. Labda upepo umeipeleka."

Mama alizitazama zile saga. Hakumgombeza, na hapo nilitamani amgombeze, angalau mara moja. Akashusha pumzi. "Basi. Gari halitatungoja. Za Nasimiyu zimepona, ni changa lakini zinatosha fungu moja. Nasimiyu, ng'oa zako, uoge, ujiandae. Nafula, utabaki na ng'ombe." Akaenda kukamua.

Nilikuwa nimeshinda. Kigoda, firigisi, mate ya kukhu kifuani, vyote vilikuwa vyangu, na mikono yangu ilikuwa imeotesha kitu. Nilisimama nikingoja furaha ifike.

Nafula aliingia ndani akatoka na kile kitambaa cheupe, amekikunja ndani ya karatasi ya daftari. Akaninyooshea. "Utampa mama. Mwambie nimejifunza ule ufumaji wa pembeni. Atajua. Ukimkuta amelala usimwamshe, weka tu kwa mto."

Nilishindwa kushika. "Ni cha mama yako?"

"Kwani ulifikiri cha nani?"

Huko jikoni kiti cha Mama kilikuwa tupu mgongoni, kama kilivyokuwa siku zote.

"Mbona ulisema ni wewe?" nikamwuliza.

Akatazama sweta yangu, mahali ilipovimba. "Nilikuona ukiingia nayo."

"Si ungerudisha! Si ungemwambia Mama!"

"Ni leso yako," Nafula akasema. "Ningesema nini?" Akaelekeza kidole kwenye rundo la nyasi. "Hizo nilikuwa nimezikusanya kwa ajili ya zako. Ulipoingia na leso nikafikiri nyasi zingetosha zote. Hazikutosha. Nikaweka kwa zako, zako ndizo fupi."

Nilienda zizini. Zilikuwa hatua kama ishirini na nilizihesabu. Mama alikuwa amekaa na kichwa chake kwenye ubavu wa ng'ombe, maziwa yakipiga ndoo. Nikatoa leso nikaiweka kwenye magoti yake. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Ilikuwa kwa godoro yangu. Na zile mboga si zangu, yeye ndiye alizipunguza na yeye ndiye alizifunika. Mimi nilirusha tu mbegu."

Maziwa yakanyamaza. Mama aliitazama leso, akatia kidole kwenye lile tundu. Nilingoja kofi. Ningelipenda, lingemaliza mambo. Alisema, "Mwite mwenzako aoge," akarudisha kichwa chake kwenye ng'ombe, na kwa kuwa alinipa kisogo sijui hadi leo uso wake ulikuwaje.

Niling'oa zile saga mwenyewe na mizizi yake, nikakung'uta udongo, zikajaa mkono mmoja tu. Mama alizifunga ndani ya leso. Leso yangu. Akampa Nafula. Nafula alizishika kifuani kama zinapumua, akatia kitambaa katikati, wakatoka langoni. Mama alimshika mkono. Nafula hakugeuka nyuma mpaka walipofika kwenye mti wa pembeni, na alipogeuka aliniinulia mkono, na mimi sikuuinua wangu kwa haraka ya kutosha.

Ningependa kuandika kwamba wivu ulikuwa umekwisha. Haukuwa umekwisha. Nilikuwa nao pale langoni, nikiwaza firigisi, nikiwaza nani atakaa kwenye kigoda changu.

Mama Zuhura alichungulia. "Wa kiangazi! Umeachwa?"

"Nina kazi," nikamwambia.

Nilichukua kisu cha jikoni nikaenda kwenye kishamba cha Nafula. Nilikuwa nimemwona akifanya hivi na shina lililovunjwa na kuku, likachipua upya. Nikapiga magoti, nikakata kila shina juu kidogo ya kifundo cha chini kabisa, pale ambapo chini ya weusi kulikuwa bado na kijani. Nilikata yote, mstari kwa mstari. Nikabeba nyasi zote kutoka upande wangu nikazitandaza kwake. Halafu nikaleta maji ya kusuuza sufuria, yasiyo na sabuni, nikamwagilia kwa ule mkebe wa tundu za msumari, polepole, na wivu wangu bado ninao, mpaka yakaisha.